Zamu ya Jumamosi

Jumapili, 9 Januari 2022

Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, imejaa nusu tu. Baada ya ibada nilipita nikachovya fimbo nikiwa bado na koti la kanisani, maji yakaishia chini ya fundo la tatu. Mwaka juzi siku kama hizi ilikuwa inafurika yenyewe. Vuli imetutupa. Huko chini tambarare wafugaji wanasema ng'ombe wanakufa wamesimama.

Nikitafuta daftari la zamu nimekutana na barua ya mdogo wangu, imekunjwa mara nne. Tarehe 6 Desemba. "Kwa Katibu, Kamati ya Ndiva. Yah: Ombi la kubadilishiwa siku ya maji." Mistari sita. Siku aliyopangiwa ni Sabato, hawezi kushika jembe, anaomba siku nyingine yoyote, hata usiku wa manane. Nyuma yake nimebana kwa pini nakala ya jibu langu: ombi limepokelewa; kwa mujibu wa kanuni ya 7, zamu ikishapangwa haibadilishwi ila kwa makubaliano ya wahusika wote wawili; wako katika ujenzi wa Taifa.

Hiyo "wako katika ujenzi wa Taifa" nimeisoma mara mbili. Kwa mtu tuliyenyonya naye ziwa moja.

Niandike na hili, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mhusika wa pili ni mimi. Shamba la mama liligawanywa kwa upana: mimi juu, yeye chini. Tawi moja la mfereji linatulisha sote, likitoka kwangu linaingia kwake, na hakuna jirani mwingine ambaye maji yake yanaweza kumfikia bila kuvuka korongo. Kwa wiki tawi letu lina siku mbili, Jumanne na Jumamosi. Aliyepanga ratiba ni katibu. Katibu akajiandikia Jumanne.

Sikufikiri. Au nilifikiri.


Jumanne, 11 Januari

Zamu yangu. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nimeshang'oa kizibo. Nani anaweza kumweleza mtu wa mjini sauti ile? Kwanza tope linakoroma, halafu kimya kidogo, halafu maji yanaanza kutembea mfereji mzima kama mtu anayekuja kukusalimu. Mahindi yangu yanatoa mbelewele, ndiyo wiki ambayo hayasamehe kiu.

Maji yalipofika mwisho wa shamba niliyaziba kwa tope na mgomba, kama kanuni inavyotaka. Nikasimama mpakani. Upande wa pili majani yamejikunja, membamba kama vitunguu. Nilihesabu mistari mitano, nikaacha.

Mke wangu aliniletea uji. Akatazama ng'ambo, hakusema neno. Wakati wa kurudi ndiyo akasema: "Mwalimu, kesi ngapi umeshamshinda mdogo wako?"

Nikamwambia, zote.

"Na watoto wake Krismasi hii walikula makande ya nani?"


Jumatano, 12 Januari. Mapinduzi

Sikukuu. Redio inapiga ngoma za Unguja tangu alfajiri. Swali la mke wangu halijanitoka, basi niandike kesi yenyewe ilivyokuwa. Sijawahi kuiandika.

Septemba 2018, mama alipofariki. Tulipanga kuzika Jumamosi, kwa sababu wa Dar es Salaam wangefika Ijumaa usiku na mochwari inadai kila siku inayoongezeka. Mdogo wangu aliomba Jumapili. Yeye amekuwa Msabato tangu alipooa. Shemeji ni wa huko Suji, na milima ile Wasabato wameishika siku nyingi. Walifika Giti mwaka 1903, nao Wajerumani vilevile kama Walutheri wetu wa Leipzig. Nikisema kwa ubaya wangu, Wajerumani walikuwa na ugomvi wao kwao wakaja kutugawia sisi vipande, kila mlima na kipande chake. Nilimwambia mama ni wa KKKT na mchungaji ameshapangiwa. Tukazika Jumamosi. Alikuja, alisimama, alilia. Zamu ya watoto kushika beleshi ilipofika alikunja mikono akarudi nyuma hatua moja. Watu waliona.

Usiku wa tatu wa matanga, chini ya turubai, mzee mmoja akamuuliza kwa nini hakumfukia mama yake. Swali la ukatili, na mimi mkubwa wake ndiye niliyepaswa kulizima. Nililichochea. Akajibu kwa upole kuhusu siku ya saba, Mwanzo 2, Kutoka 20. Mimi nikatoa Wakolosai 2, nikatoa Matendo 20, nikatoa Warumi 14 mstari wa tano. Nilikuwa vizuri usiku ule, sikukwama hata mara moja. Miaka thelathini na minne ya kusimama mbele ya watoto haiendi bure.

Halafu nikamalizia hivi. Nikasema, haya, tuache Kiebrania, tuhesabu kwa lugha ya nchi hii. Jumamosi, mosi. Jumapili, pili. Tatu, nne, tano. Alhamisi hiyo ya sita. Ya saba ni ipi? Turubai zima: "Ijumaa!" Nikasema, mdogo wangu, ukitaka siku ya saba basi twende zetu msikitini.

Walicheka mpaka moto ukayumba. Jirani yetu Mwislamu akamwaga chai, akasema karibuni, mkeka upo. Hata shangazi alicheka, yeye ambaye alikuwa hajafumbua mdomo tangu mochwari. Mdogo wangu alitabasamu, akakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari, na baada ya muda akaamsha watoto wakaondoka na kurunzi.

Tangu hapo ni "shikamoo kaka," "marahaba," na kila mmoja na njia yake. Miaka mitatu na zaidi.


Alhamisi, 13 Januari

Jana Jumatano, leo Alhamisi. Jana tano, leo tano tena.

Nilifundisha Kiswahili. Nilijua. Alhamisi ni neno la Kiarabu na maana yake ni ya tano, tano ileile ya hamsa na ya hamsini. Waarabu wanahesabu kuanzia Jumapili: ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, kisha siku ya kukusanyika, kisha Sabt. Waswahili tulianza kuhesabu upya baada ya Ijumaa ya swala, tukafika Jumatano, tukachoka au sijui tukakumbuka nini, tukaichukua na Alhamisi ya watu jinsi ilivyo. Ndiyo maana juma letu lina tano mbili zinazofuatana. Ni kichekesho nilichokuwa nikiwapa Kidato cha Pili kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto mmoja anayepiga paji la uso kwa kiganja.

Kwa hiyo lugha ileile niliyomchapia mdogo wangu ilikuwa na shahidi wake ndani. Alhamisi tano, Ijumaa sita, Jumamosi saba. Angenisimamisha kwa neno moja. Nami nililiruka upesi ("Alhamisi hiyo ya sita") kama mtu anavyoruka tope akiwa na viatu vipya.

Sijabadili imani. Siku ya Bwana ni Jumapili, nitazikwa nikiamini hivyo. Lakini usiku ule nilishinda kwa kumficha shahidi, mbele ya waombolezaji, na kaburi la mama lilikuwa bado halijashuka udongo.


Ijumaa, 14 Januari

Jua kali. Sukari imepanda tena dukani. Nimeshikwa na mafua.


Jumamosi, 15 Januari

Nilikwenda kwenye ndiva asubuhi kama katibu, kuandika nani amefungua. Zamu ya tawi letu: hakuna mtu. Tulisubiri mpaka saa mbili kama kanuni inavyosema, mwenyekiti akaruhusu maji yaende kwa wa ng'ambo ya korongo. Kwenye daftari nimeandika "hakufika". Zipo "hakufika" sita mfululizo, zote kwa mwandiko wangu mzuri.

Kutoka bondeni ilisikika kwaya yao. Wanaimba vizuri Wasabato, hilo nimewapa siku zote, tena sauti nne bila kinanda.


Jumapili, 16 Januari

Mchungaji yuko kwenye mtaa mwingine, nimeongoza mimi. Nilichagua Matendo 15, pale mwishoni. Sura nzima ni mkutano mkubwa wa Yerusalemu kuhusu tohara, watu wanabishana, wanasikilizana, wanaandika barua moja, kila mtu amefurahi. Na kabla wino haujakauka, Paulo na Barnaba wanagombana juu ya kijana Marko mpaka wanaachana njia. Luka angeweza kuacha kuiandika. Neno analolitumia la Kigiriki ndilo hilo madaktari wamelichukua kuita ugonjwa unaopanda kwa ghafla. Hasemi nani alikuwa sahihi. Wala Paulo mwenyewe, anapowasihi Euodia na Sintike kule Filipi, hasemi walikuwa wanagombania nini wala nani alikuwa na haki. Mimi ningetaka kujua. Ningewauliza wote wawili, ningepima ushahidi.

Baadaye sana, akiwa kifungoni, Paulo anamwagiza Timotheo aje na Marko, kwamba anamfaa. Nilipofika hapo kwenye mahubiri sauti ilinikwama, watu wakadhani ni mafua.

Nje, yule mzee wa swali la beleshi alinishika mkono. "Mwalimu, wewe kwenye Maandiko huna mpinzani. Sijasahau ulivyomkomesha yule." Anasema "yule". Sikujibu kitu, nikampa mkono na kwenda kuhesabu sadaka.


Jumatatu, 17 Januari

Mvua ya manyunyu dakika kumi, imeishia kutuchafulia vumbi.

Nimekuwa nikisoma tena kitabu changu cha historia ya kanisa, kile nilichonunua nikiwa chuoni. Oktoba 1529, Marburg. Mtawala wa Hesse anamwita Luther wetu na Zwingli wa Zürich ili wapatane, maana hatari inawazunguka wote. Luther anafika, anaandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Bwana kuhusu mwili wake, anafunika kwa kitambaa. Majadiliano yakipamba moto, anafunua. Mimi ningefanya vilevile, na kwa siri nimewahi kumwonea fahari kwa ajili ya chaki ile.

Hoja zilikuwa 15. Walikubaliana 14. Zwingli kwa machozi alitaka waachane kama ndugu, na Luther alikataa kumpa mkono wa undugu. Miaka miwili baadaye Zwingli aliuawa vitani Kappel. Makanisa yao huko Ulaya yalikuja kufunguliana meza ya Bwana kwa mapatano ya Leuenberg, 1973. Nimetoa kwenye karatasi: miaka 444. Mwaka 1973 mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, ninapanga nywele kwa mafuta ya nazi.

Na bado naamini Luther alikuwa sahihi juu ya Meza. Hapo ndipo panapouma. Angekuwa amekosea ingekuwa rahisi, ningemlaumu nikalala.


Jumatano, 19 Januari

Mke wangu ananiona ninaandika, anauliza kama ni mahesabu ya ndiva. Nimemwambia ndiyo. Si uongo wote.

Watani zetu wanasema Mpare atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Tunacheka nao, maana ni kweli, na moyoni tunaona ni sifa. Babu alikuwa miongoni mwa wale maelfu walioshuka Same mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru. Walikaa pale, wakapika pale, hawakupiga mtu, walitaka tu kujibiwa, na mwishowe kodi ile ikaondoka. Alitusimulia jioni nyingi. Basi tumekua tukijua kwamba mtu mwenye haki haachii.

Lakini babu alibishana na serikali iliyotaka kumnyang'anya. Mdogo wangu alitaka kuninyang'anya nini? Hakuomba nihame kanisa. Alitaka mama azikwe siku ambayo yeye naye angeweza kumfukia.

Mama mwenyewe alikuwa mtu wa uamsho. Ule moto ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya thelathini, ukapita Uganda na Bukoba, ulimkuta huku msichana. Desturi yao ilikuwa kutembea nuruni: ukimkosea mtu unakwenda, unamwambia kosa kwa jina lake, bila "kama nimekukwaza". Nakumbuka akitembea mpaka kwa jirani kumwambia aliiba kuni tatu. Kuni tatu! Jirani hata hakuwa amejua. Nikiwa kijana msomi niliona ni ushamba, mtu kujiaibisha kwa kuni.


Alhamisi, 20 Januari

Tano ya pili.

Nimefungua Warumi 14 tena. Usiku ule nilitoa mstari wa tano, unaosema habari za siku. Mstari wa kumi na tano, unaosema habari za kumhuzunisha ndugu, uko kwenye ukurasa uleule wa Biblia yangu, safu ileile, upana wa kiganja kimoja chini.


Jumamosi, 22 Januari

Nimefanya jambo la kijinga, au la maana. Nitaandika tu lilivyokuwa.

Niliamka saa kumi usiku. Sikumwamsha mke wangu. Nikaenda kwenye ndiva na kurunzi, nikamwambia mlinzi leo tawi letu linafungua, nikang'oa kizibo. Niliyasindikiza maji mfereji mzima. Shambani kwangu nilizuia kila mdomo yasiingie hata tone, na mpakani nikaondoa tope na mgomba nikayaachia chini kwake. Ardhi yake ilikunywa kwa sauti, kama mtoto. Nilifurahi, niseme ukweli. Nilikuwa nimeshapanga kuwa saa tatu, wakiwa kanisani, nitakuwa nimemaliza mistari yote, na Jumapili ataikuta imelowa asijue ni nani. (Angejua. Nani mwingine?)

Kulipopambazuka akatokea. Suruali ya kanisani ameikunja, miguu mitupu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akatazama maji, akatazama beleshi langu. "Ni nini hiki, kaka?"

"Maji."

"Naona. Leo Sabato."

"Wewe hufanyi kazi. Ninayefanya ni mimi, na kwangu si Sabato."

Alitikisa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akifanya utotoni ukimpa kitu kizuri ambacho mama amekataza. "Amri haikunitaja peke yangu. Imemtaja na mtumishi, imemtaja hata mgeni wa nyumbani kwangu. Sasa nitamtumikisha kaka yangu?"

Hapo jibu likanijia. Halikuja kwa kusitasita, lilikuja limevaa viatu. Luka 14, mstari wa tano: ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, nani asiyemtoa? Na mahindi je, si ng'ombe wa maskini? Lilikuwa jibu zuri. Na safari hii hapakuwa na shahidi niliyemficha, lilikuwa la kweli, mpaka sasa usiku ninapoandika naona lilikuwa la kweli. Na lingeyaokoa mahindi. Nilishafungua mdomo.

Alikuwa amesimama na miguu yake ndani ya maji, akijaribu kutokanyaga tuta. Vidole vya miguu yake ni vya mama.

Nikasema: "Basi niyafunge?"

"Funga, kaka. Asante."

Nikafunga. Nikayarudisha maji kwenye mfereji mkuu, wa ng'ambo wakayapata bila kujua wamepewa na nani. Mistari yake minne ililowa, kumi na zaidi mikavu. Alinisindikiza mpaka kwenye mpaka bila kuongea. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Mchana nililala kama mgonjwa.

Usiku huohuo, baadaye

Alikuja. Jua lilikuwa limezama, giza la kwanza. Kwa hesabu yao Sabato imekwisha, na kwa hesabu ya saa zetu za Kiswahili siku mpya ilikuwa imeanza. Katika hilo Mswahili na Msabato wanakubaliana, siku inaanza na giza. Alikuja na mkungu mdogo wa ndizi, hakukuta mbwa wa kumbwekea, mbwa wa siku zile alishakufa.

Mke wangu alituwekea chai akajifanya ana kazi jikoni.

Nilitaka kufanya kama mama. Sikuwahi kufanya, sikujua mtu anaanzaje. Nikasema: "Usiku ule wa matanga nilikukosea. Nilikufanya kichekesho cha watu. Na ile hesabu ya Ijumaa nilijua si kamili. Alhamisi..."

"Ni ya tano," akasema.

Nikamtazama.

"Mwalimu wa darasa letu alinifundisha kabla sijabatizwa, kaka. Lilikuwa ulimini usiku ule. Nilikuwa nimeshavuta pumzi."

"Sasa ulinyamazia nini?"

Akakoroga chai. "Shangazi alikuwa anacheka."

Sikuwa na la kusema. Kuni zililia jikoni. Halafu akaongeza, kwa sauti nyingine: "Usinione mtakatifu. Nililimeza, lakini halikushuka. Miaka mitatu limekaa hapa linaoza. Kila nikikuona unapita na koti lako ninasema Alhamisi ni tano, Alhamisi ni tano. Na barua ile ya Desemba niliiandika 'Kwa Katibu' makusudi, ili uumie."

Nikamwambia niliumia. Nikamwambia pia kuhusu ratiba, kwamba ni mimi niliyejichagulia Jumanne. Hilo hakulijua. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda, na sikumharakisha. Alipoinuka alisema tu, "Usiku mwema, kaka," na kwenye mlango akageuka: "Jumanne unaniachia?"

Tuliandika karatasi palepale, sahihi mbili, kwa kufuata kanuni ya 7. Mke wangu akatia ya tatu bila kuombwa.


Jumatatu, 24 Januari

Kikao cha kamati. Mwenyekiti alisoma karatasi, akauliza kwa nini jambo dogo hivi halikufanyika Desemba. Kwenye muhtasari niliandika "Katibu alichelewa kujibu." Nikakata. Nikaandika "Katibu alikataa." Muhtasari una mkwaruzo, utabaki hivyo.

Mengineyo: msaragambo wa kuzibua tope la ndiva ni Alhamisi ijayo, kila kaya mtu mmoja. Mjumbe mmoja alipendekeza Jumamosi, ndiyo siku watu wana nafasi. Nilisema kaya tatu zitashindwa. Wakabishana kidogo. Safari hii nilibishana, tena kwa nguvu, na nikashinda, na sikuona ubaya wowote.


Jumanne, 25 Januari

Niliamka kwa mazoea saa kumi na moja. Nikajizuia nisiende kwenye ndiva, ni zamu ya mwenyewe. Nikakaa barazani na blanketi.

Maji yalipita kwangu kabla ya saa kumi na mbili. Niliyasikia yakiteremka katikati ya mahindi yangu bila kuingia. Yangu nayo yameanza kujikunja, yatangoja mpaka Jumamosi. Sijui mistari yake ile mikavu kama itabeba. Mbelewele zilishaungua juu, nilimwonyesha, akasema hata gunia mbili zikipatikana. Kijana wake mkubwa alikuwa naye, wa kumi na tatu sasa, nilimwacha wa kumi. Ana sauti nzito. Aliniona kutoka chini akasimama wima kabisa, akapiga kelele, "Shikamoo baba mkubwa!" halafu akamtazama baba yake kama mtu anayeuliza kama ameharibu kitu.

Mke wangu ameloweka mahindi na maharage, sufuria kubwa, lile la sikukuu. Sikumuuliza ni kwa ajili ya nani.

Beleshi langu mpini umekatika nilipokuwa nikifunga maji ile alfajiri. Nitaazima la mdogo wangu. Niende Ijumaa, kabla jua halijazama.